Karanga Zilizobaki Nyumbani

Nadège mwanangu,

Umeniaga kwamba unaenda kumsalimia mwalimu wako kabla ya safari. Nimekuitikia, nimekufungia na mikate sita umpelekee. Lakini mwalimu wako anakaa upande huu wa mto, na mimi, Koko wako, bibi mzaa baba, nimekuona kwa macho yangu umepanda toleka, baiskeli ya abiria, kuelekea bandarini. Uko Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mama yako. Miaka minne sasa, kila Jumamosi unanidanganya, na kila Jumamosi ninakubali kudanganywa, kwa sababu ningekuuliza ungenijibu, na jibu lako lingetaka neno ambalo sikuwa tayari kulisema.

Alors, leo nalisema. Mama Zaina jirani yetu ndiye anayeshika kalamu. Unamjua, amefundisha shule ya msingi mpaka koo likakauka. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Amejibu kwamba Kiswahili changu kimejaa matope, lazima akioshe kidogo. Nikamwambia aoshe, lakini asikwangue mpaka mfupa. Amecheka, kwa hiyo tunaweza kuanza.

Kesho unapanda ndege mpaka Kinshasa, na kutoka Kinshasa mpaka Dakar, kusomea ugonjwa wa ini uliomuua baba yako. Sitakuambia ule vizuri, wala usitembee peke yako, wala ufunike kichwa mvua ikinyesha. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Karatasi hii nitaiingiza chini ya valizi, kati ya vitambaa, uikute huko utakapofungua.

Unakumbuka siku ile ya mvua kubwa, maji yakipita uani, mimi na wewe tumeketi chini ya baraza tunachambua karanga? Gunia lilikuwa limetoka Opala, limelowa njiani. Nilikuuliza: "Hii kitu unaifuata Dakar iko nini kabisa? Unieleze kama mutu, usinieleze kama profesa."

Ukachukua karanga moja kwenye ungo. "Koko, tuseme hii iko seli moja ya ini."

"Hiyo iko ya Opala. Endelea."

Ukacheka. Ukasema seli ina chumba cha katikati, na mule ndani muna maagizo yote ya kazi. Agizo likitakiwa, linanakiliwa kwenye karatasi, karatasi inatoka, mafundi wanaisoma, wanafanya. Nikauliza nani anajua agizo gani linatakiwa leo. Ukasema habari zinatoka nje. Kwenye ngozi ya seli kuna milango, habari inabisha, wa mlangoni anamwambia wa nyuma yake, huyo anamwambia mwenzake, mdomo kwa mdomo mpaka chumba cha katikati: ongezeka, tulia, au sasa kazi yako imeisha, kufa.

"Kumbe iko radio trottoir, umbeya wa barabarani," nikasema.

"Radio trottoir kabisa, Koko. Na kansa ni pale habari moja tu inapita usiku na mchana: ongezeka, ongezeka. Hakuna anayeikata."

Halafu ndipo ukanionyesha hao wadogo wako. Mikro-ARN, ndivyo ulivyowaita. Ulisema ni vijipande vidogo sana, havijengi kitu, havibebi kitu. Kazi yao ni kwenda kukaa juu ya karatasi ya agizo, na karatasi ikishakaliwa haisomwi tena, au inachanwa. Nikasema basi kazi yao ni kunyamazisha. Ukasema ndiyo, kunyamazisha. Nikakuuliza majina yao, ukaniambia hawana majina, wana namba tu. Nikasema maskini, kama wafungwa.

Niliwashika wawili kichwani, kwa sababu uliwarudia sana. Mmoja ni wa mia moja ishirini na mbili. Ulisema ini lililo zima limejaa huyo kuliko wenzake wote, na ndiye anayekalia maagizo yasiyotakiwa, ili ini libaki ini. Ugonjwa ukiingia, mara nyingi huyo anapungua, na kelele alizokuwa akizifunika zinafunuka. Wa pili ni wa ishirini na moja. Huyo kwenye ini lenye kansa anazidi. Na akizidi, anakwenda kumkalia yule anayesema "wacha, tulia", anayekata habari njiani. Sasa hakuna wa kusema tulia.

"Huyo ishirini na moja iko mubaya," nikasema.

"Siyo mubaya, Koko. Iko na kazi yake. Akizidi tu ndiyo anaharibu."

Nilifikiri sana juu ya neno hilo, mwanangu. Mimi siyo mtu mbaya. Nina kazi yangu. Nimezidi tu.

Nikakuuliza tena, nani sasa amewavuruga hao wadogo? Ukanyoosha mkono kwenye lile fungu dogo pembeni, ukachukua karanga moja iliyojikunja, yenye vumbi la kijani. Ukaishika kwa ncha za vidole. Ukasema kuvu hiyo inatoa sumu isiyoonekana, na moto wa jikoni hauiondoi. Inafika mpaka kwenye maagizo yenyewe, inaharibu maandishi, na huko vurugu inaanza. Na kama mtu ana virusi vya hepatiti B tangu zamani, hivyo viwili vinasaidiana kulila ini. Halafu sauti yako ikashuka. Ukasema: "Lakini mambo iko mingi, Koko. Juu ya mutu mumoja, hakuna anaweza kusema ni hii au ni ile."

Sikuwa nimekuuliza juu ya mtu mmoja. Ndipo nikajua kwamba wewe umejua siku nyingi.

Ukainuka, ukalibeba lile fungu dogo lote ukalimwaga chooni. Mimi, Koko wako, ninayegombana na kuku wakidonoa karanga tatu, sikusema kitu. Ulifikiri nimechoka.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe umekulia kwenye hiyo desturi, hujui kwamba ina mwanzo. Tangu niliposhika biashara ya karanga, nilizigawa mafungu matatu. Nzima, zinazong'aa, hizo za soko, kwa sababu mteja anapitisha mkono, anaangalia, anaondoka. Zilizovunjika, hizo za kukaanga na kuuza kwenye karatasi. Na zile zilizojikunja, zenye madoa, zenye harufu ya gunia lililolowa, hizo za nyumbani. Nilizikosha, nikazikaanga mpaka zikawa nyeusi kidogo, nikazitwanga, zikaingia kwenye mchuzi wa makayabu. Chumvi ya samaki inafunika kila kitu. Niliona ni akili. Wanawake wenzangu wote sokoni walifanya hivyo, na aliyetupa tulimwita mwenye majivuno. Nzuri kwa mgeni, mbovu kwa mwanangu. Siku hizi nikilisema hivyo naona aibu, lakini siku zile tuliliita kulea.

Baba yako Floribert alilelewa hivyo. Alikuwa anapenda mchuzi ule mpaka anafuta sahani kwa kidole.

Kuna la pili, na hili hata Mama Zaina hajawahi kulisikia. Ameinua kichwa sasa hivi. Andika, dada, andika. Floribert alipokuwa kijana, kabla hajaoa, macho yake yaligeuka njano. Mkojo kama chai. Alikuwa akilala mchana. Nilimchemshia majani, baada ya wiki nyingi ikapita. Mtu wa zahanati alisema apelekwe kupimwa damu. Sikumpeleka. Nilimwambia asimwambie mtu yeyote, kwa sababu kijana wa macho ya njano nani atampa binti? Nikamnyamazisha yeye, nikajinyamazisha mimi. Baadaye alipomuoa mama yako, mama yako hakujua. Mwaka jana ulipokuja na karatasi yako ya damu ukasema wewe huna virusi hivyo na umepata chanjo, niliingia chumbani nikafunga mlango. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimepiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo.

Sasa Véro. Tangu baba yako azikwe jina hili sijalitaja ndani ya nyumba hii. Nimesema "ule mwanamke", nimesema "mutu wa Lubunga". Véro. Mama Zaina, liandike kwa herufi kubwa.

Mama yako alikuja kwangu akiwa msichana mwembamba, mkimya. Alikuwa na pua kali. Siku ya kwanza nilipompa karanga za nyumbani atwange, alizinusa, akaniambia kwa heshima: "Mama, hizi zimeoza." Nikamjibu: "Kwenu Lubunga mulikuwa munakula nini, dhahabu?" Watu wakacheka. Hakusema tena. Lakini asubuhi moja nilikuta karanga zangu kwenye takataka, zimefunikwa na maganda ya muhogo. Amezitupa kwa siri. Nikaziokota, Nadège. Moja moja, nimepiga goti juu ya takataka, huku namtukana kwa sauti ili mtaa usikie. Nikazikosha, nikampa sufuria, nikasema: "Pika, nakuangalia." Akapika. Akamuandalia mume wake. Yeye mwenyewe hakula. Alikula muhogo mkavu na chumvi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka sita. Anapika nilichomlazimisha kupika, na mwenyewe hali.

Floribert akaanza kukonda. Upande wa kulia chini ya mbavu ulimuuma, tumbo likajaa maji, macho yakarudi kuwa njano. Daktari alimpapasa, akasema ini lina uvimbe mkubwa, na kwamba tumechelewa. Alisema neno kansa. Mimi sikulichukua. Neno hilo halina uso. Nilitaka mtu. Mwanangu wa pekee anakufa mbele yangu, na mtu ananiambia uvimbe? Nilitaka jina.

Alipokufa, siku ya matanga, uani kumejaa watu, mama yako alitoka jikoni na sufuria ya chakula cha wafiwa. Nikasimama. Nikasema: "Muulizeni huyu juu ya nini hakuwa anakula mchuzi aliomupikia bwana yake! Miaka sita! Mutu anapika, anamupa bwana, yeye anakula chumvi!" Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeweza kukataa, wote walikuwa wamemuona. Nikasema amemtilia sumu, amekula ini lake.

Umeniambia jinsi habari inavyopita ndani ya seli. Mimi nimeiona ikipita. Nilisema mlangoni, ikafika jikoni, ikafika barabarani, na kila aliyeipokea aliiongezea nguvu. Kabla chakula hakijapoa, godoro la mama yako lilikuwa nje kwenye tope.

Mtu mmoja tu alijaribu kuikata. Ni huyu anayeandika. Mama Zaina alisimama katikati ya uani, na mtandio wake umeteleza, akasema: "Ngojeni kwanza. Daktari alisema nini?" Nikamwambia: "Wewe si wa ukoo huu, na kanisa letu siyo lako. Kaa kimya." Akakaa kimya. Nimemuuliza sasa hivi kama anakumbuka. Amesema: "Nakumbuka mpaka kitenge ulichovaa." Ndiye aliyekuwa wa kusema tulia, na mimi nikamkalia.

Mama yako hakulia. Alikushika mkono, wewe una miaka mitano, umevaa gauni la njano. Nikakuchomoa. Nilikuvuta mpaka bega lako likalia. Véro akaniangalia akasema neno moja tu: "Mama, karanga zilikuwa zako." Watu walidhani amechanganyikiwa. Mimi pia nilidhani hivyo, au niliamua hivyo, sijui tena tofauti yake.

Akavuka mto peke yake.

Baada ya hapo, unajua ilivyokuwa. Nyumba hii ilipoteza mtu wake mkimya na ikabaki na mimi. Nilikulea kwa makelele. Nilikupenda kwa makelele vilevile, hilo hutalikana, nilikubeba mgongoni mpaka shule mvua ikinyesha, na mwalimu aliyekuchapa bure alinikuta mlangoni kwake. Lakini ulipouliza mama yuko wapi, nilikuambia alikuacha. Nilikuambia uongo huo ukiwa na miaka mitano, na saba, na kumi na mbili. Na nilikulisha karanga zilezile. Wewe pia. Hilo ndilo linalonifanya nisimame katikati ya soko siku nyingine nimesahau nilikuwa nauza nini.

Tangu siku ile sijavuka mto. Karanga za Opala zinapitia Lubunga, na mimi nawatuma wengine wanipokelee, nawaambia naogopa mtumbwi. Mimi! Niliyezaliwa karibu na maporomoko ya Wagenia, niliyekuwa nikioga chini ya mitego ya samaki na wavulana wakanikimbia!

Bon, kuna jambo moja nataka ucheke. Kila Jumamosi unarudi na pondu ya majani ya muhogo, unasema umeinunua sokoni. Mwanangu, nimeuza kwenye soko hilo miaka arobaini. Hakuna mtu pale anayetwanga pondu na bilinganya changa ndani, laini hivyo, bila mchanga. Hiyo ni pondu ya Véro. Niliijua tangu kijiko cha kwanza. Mwanamke niliyesema anatia sumu, nimekula chakula cha mkono wake miaka minne, nimelamba sahani, na niko hapa nagombana na Mama Zaina. Na yeye, nadhani, anajua nani anakula. Sufuria unayobeba ni kubwa kuliko tumbo lako.

Sasa unakwenda. Kazi yako nimeielewa kwa ukubwa wa kichwa changu. Uliniambia kwamba hao wadogo wanaonekana hata kwenye damu, na kuna wanaotafuta njia ya kuwasikiliza mapema, kabla tumbo halijajaa maji. Nikauliza na dawa je? Ukasema: "Bado, Koko. Watu wanajaribu." Nilikupenda kwa hiyo bado. Watu wenye akili nyingi neno hilo linawashinda. Liweke karibu. Mtu mwenye mgonjwa atakushika gauni, atataka umpe neno tamu, na wewe utakuwa umevaa nguo nyeupe na umechoka. Mwambie bado, na ukae naye.

Na utakutana na akina mama kama mimi. Wengine watakuambia nani amemloga mtoto wao. Usiwacheke. Mimi ningekuwa na zile namba zako siku ile, labda nisingetafuta jina. Labda. Pia labda ningekuwa nazo na bado ningemtafuta Véro, maana nilikuwa na hasira na pua yake. Sitaki kujisafisha kwa sayansi yako. Uliponimwagia zile karanga bila neno, ulinihurumia, na nilikushukuru, na nilikukasirikia pia: ulinichukua kama mtu wa kufichwa. Ukiwa na jambo la kumwambia mama kama mimi, kaa chini kwanza, usawa wa macho yake, umwambie. Atapiga kelele. Zitaisha. Mimi mwenyewe zimeisha, angalia, nasema taratibu.

Uliniambia hakuna awezaye kusema kilichomuua Floribert ni kuvu, ni virusi, ni pombe ya lotoko aliyokuwa akinywa na wenzake, au ni vyote. Nimekubali. Hilo sitalijua. Lakini ambaye hakumuua namjua, na nilimjua mapema kuliko nilivyokubali.

Hapa Mama Zaina ameweka kalamu chini. Nimemwambia aendelee. Amekataa. Basi nimemlazimisha aandike pia kukataa kwake, ili uone ninavyosumbuliwa.

"Barua hii iko ya nani?" ameniuliza.

"Ya Nadège. Umeandika mwenyewe pale juu."

"Nadège anajua karibu yote. Unamuambia mutoto juu ya kuogopa kumuambia mama."

"Wewe andika, usinihukumu."

"Véro ulimutukana mbele ya mutaa muzima. Sasa radhi yake unaificha ndani ya valizi, chini ya vitambaa, inaenda Dakar?"

Nimenyamaza. Nadège, si jambo dogo hilo, muulize atakuthibitishia. Nimenyamaza mpaka kuku wameingia ndani na sikuwafukuza.

Ana haki. Nilisema uongo kwa sauti ya kujaza uani, na ukweli nilitaka kuusema kwa karatasi iliyokunjwa kwenye nguo zako, ng'ambo ya nchi nyingi, mahali ambapo mama yako hatausikia kamwe. Kesho unaondoka, na mama yako ataiona ndege yako ikipita juu ya muhogo wake, hajakusindikiza hata hatua moja, kwa sababu yangu.

Donc nimebadilisha. Yale niliyosema mwanzoni juu ya valizi, Mama Zaina alitaka kuyafuta, nimemkataza. Acha yaonekane. Barua hii ninaileta mwenyewe, leo, jua lingali juu. Mama Zaina anakuja pamoja nami. Ameanza kusema anaogopa mtumbwi. Nimemwambia mababu zake walivuka msitu mzima kwa miguu wakifanya biashara, na yeye anaogopa maji ya dakika chache? Amefunga mtandio wake. Nimevaa viatu.

Sitasema chochote nikifika. Naujua mdomo wangu. Nikimuona Véro amesimama, nitaanza kulia, na nikilia nitajitetea, na nikijitetea nitapiga kelele, na mwisho itaonekana tena kwamba yeye ndiye mkosaji. Karatasi haina sauti. Wewe umenifundisha kwamba kitu kidogo sana kinaweza kukaa juu ya kelele kubwa ikanyamaza. Basi ikae juu yangu.

Mama Zaina atabisha na kukupa. Uisome kwa sauti, mbele ya mama yako, tangu juu mpaka hapa. Usiruke mstari. Usiruke pale pa takataka, wala pa godoro, wala pa macho ya njano ya baba yako, ambayo nilimficha mama yako hata siku nilipopokea mahari ya kuku wawili na kitenge kutoka mkononi mwa baba yake—

Hapana. Mama Zaina amenishtua: mahari tulitoa sisi. Unaona nilivyo? Hata hapa nilitaka waonekane wao ndio waliokuja kuniomba. Acha kosa hilo pia, mama yako alisikie.

Ukimaliza, usinitetee. Usimwambie Koko amezeeka, usimwambie Koko hakusoma. Wako wengi ambao hawakusoma na hawakumtupia mtu godoro lake nje. Mwache mama yako akae na maneno haya kadiri anavyotaka. Akitaka kusema, asikilizwe. Akitaka nirudi nilikotoka, nitarudi, na kesho mtasindikizana ninyi wawili mpaka uwanja wa ndege, na mimi nitakuombea nyumbani nikichambua mafungu mawili tu. La tatu sasa linakwenda chooni.

Akisema niingie, nitaingia.

Sijui kutia sahihi, unajua. Mama Zaina anataka nibandike kidole kwenye wino, kama watu wa kura. Nimemwambia hapana, leo siweki kidole. Fungueni mlango mwangalie: nimekaa nje, chini, mikono juu ya magoti, na mdomo umefungwa.

Koko wako